Nimechoka kuuziwa mapambo yakiitwa mapanga ya Ufilipino

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo asiye na muda apite tu.

Mimi ni baharia, mtu wa Tanga, mwaka wa kumi na saba huu niko majini. Ukishakuwa baharia utakula na kulala na Wafilipino upende usipende, maana ndio waliojaa kwenye meli za dunia hii. Kwao nimejifunza mengi: kuimba karaoke bila haya, kula wali asubuhi, na kupenda vyuma vyao. Hilo la tatu ndilo lililonileta hapa.

Mara ya mwisho meli yetu ilikaa siku sita Batangas, bandari ya Ufilipino. Nikashuka, nikaingia duka moja karibu na bandari, jina lake naliacha. Nikanunua vitu vitatu: itak, yaani panga la Watagalogi, kabila kubwa la huko, balisong, kile kisu cha mipini miwili inayofunguka kama mbawa za kipepeo, na barong, panga la visiwa vya kusini, ya kumpelekea shemeji aitundike sebuleni. Muuzaji akaniapia kwamba itak imefuliwa kwa mkono, chuma ni molye (springi bapa za lori), na mpini ni kamagong, mti wao mweusi mgumu kama mpingo wetu. Peso 3,500 hiyo itak peke yake. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa hata senti, kwa sababu jasho la mhunzi nalijua.

Nimefika nyumbani, nikaichukua kukata dafu. Dafu, wakuu! Sikukata mnazi wala mfupa wa ng'ombe. Pigo la kwanza likaingia vizuri, la pili hivyohivyo. La nne nikahisi mpini unacheza kiganjani. Kutazama makali, yamekunjika upande mmoja kama ukingo wa bati lililokanyagwa, urefu wa kidole gumba hivi. Nikaugongesha mpini ukutani kidogo tu, ukachomoka mzima mzima. Ndani nikaona mkia wa panga haufiki hata urefu wa kidole cha shahada, mwembamba kama msumari wa inchi sita, tena umechomelewa kwenye ubapa kwa nukta mbili za umeme. Nafasi yote iliyobaki imejazwa gundi. Nikaukwangua mpini kwa kisu cha jikoni: chini ya weusi kuna mti mweupe kama wa kreti la nyanya.

Mchezo huu sisi tunaujua. Ni kile kinyago cha mti mweupe kilichopakwa kiwi na kuuzwa kwa Mzungu kikiitwa mpingo. Tofauti ni kwamba safari hii Mzungu nilikuwa mimi.

Sasa kabla hamjaniambia "kaka, panga la duka la watalii ulitegemea nini", mjue nalinganisha na kitu gani.

Mwaka 2011 serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa mzaliwa wa mkoa huohuo wa Batangas. Akanipandisha jeepney, daladala zao, mpaka kijijini kwa mjomba wake, panday, ndivyo wanavyomwita mhunzi. Mzee wa sabini na kitu. Nikamwita Tatay, baba, kama kila mtu pale alivyomwita. Banda lake lilikuwa giza mchana kweupe, nami nikadhani hana pesa ya taa. Kumbe giza ndilo kipimajoto chake. Mhunzi asiye na mashine husoma joto kwa rangi ya chuma, na rangi hiyo juani haionekani. Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi, mjukuu anavuta mvukuto, na kipande cha springi ya lori kinageuka panga taratibu juu ya fuawe iliyokuwa kipande cha reli.

Mzee alinifundisha jambo moja ambalo sijalisahau. Chuma kilipoiva, akaleta sumaku ya spika mbovu ili mimi mgeni nielewe. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku huacha kukivuta, kinakuwa kama si chuma tena. Akakirudisha motoni kidogo, rangi ikawa ya chungwa bivu, akakitoa na kuzamisha makali peke yake. Mgongo ukabaki nje, mwekundu bado. Akakwangua weusi wa makali kwa jiwe haraka haraka, akatulia anatazama. Joto la mgongo likaanza kushuka lenyewe kuelekea makali, na rangi ikitembea nalo. Ilipofika rangi ya majani makavu, chwaa! Panga zima majini.

Akanipa tupa. Kwenye makali ikateleza kama naipitisha juu ya kioo. Mgongoni ikauma. Maana yake makali ni magumu, yanakaa; mgongo ni mlaini, panga halivunjiki. Mkia ulipita katika mpini wote ukatokea nyuma, ukafuliwa ukakunjwa. Nilimlipa peso 800 na pakiti mbili za sigara. Panga hilo liko nyumbani kwetu Pongwe mpaka leo, mama analitumia kwa nazi, kuni na kuku, na mpini haujawahi kutikisika.

Kwa hiyo msiniambie hawawezi. Wanaweza sana! Ndicho kinachoniuma.

Hawa ni watu ambao Magellan, mkuu wa msafara wa meli za Hispania, alikutana na vyuma vyao kisiwani Mactan mwaka 1521, na Pigafetta, mwandishi wa msafara aliyekuwepo siku ile, akaandika kwamba bosi wake alijeruhiwa mguu wa kushoto kwa upanga mkubwa, akaanguka kifudifudi. Wale waliowainukia watawala wao Wahispania 1896 wengi wao silaha yao ilikuwa bolo, panga la shamba. Balangiga, mji wa kisiwa cha Samar, mwaka 1901 wanajeshi wa Marekani walivamiwa wakila chakula cha asubuhi, na wanakijiji wenye mapanga hayohayo. Kila kisiwa kina umbo lake. Wavisaya, watu wa visiwa vya kati, wana talibong na pinuti, zenye upande mmoja bapa na mwingine umechongwa, kama patasi, ili zizame ndani zikikata. Wana hata panga linaloitwa sansibar. Ndiyo, sansibar. Nililisikia mara ya kwanza nikacheka peke yangu sokoni.

Watausug wa Sulu, visiwa vya kusini kabisa, wana barong, na hapo niwaeleze ile ya shemeji. Barong ya kweli ina umbo la jani, nene mgongoni, nzito mbele, ukiinyanyua unajua inataka kushuka yenyewe. Mpini wake una kichwa cha ndege, kasuku mweupe mwenye kishungi. Yangu ni bati la kukatwa kwa mashine, limepakwa kromu mpaka unajiona meno, na ala yake imebandikwa vipande vya chaza kama kisanduku cha bibi harusi. Makali hayapo kabisa, hata kunolewa halikunolewa. Kichwa cha ndege kimechongwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuona ndege. Shemeji ameipenda sana.

Na kalis, ule upanga wa mawimbi wa Wamoro, yaani Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, ndio usiseme. Zile za kale, kabla ya miaka ya 1930 hivi, kipande kipana kilicho jirani na mpini (gangya) kilifuliwa peke yake kikaunganishwa na ubapa kwa ustadi mpaka mwanga haupiti. Baadaye wakaanza kufua kipande kimoja na kukwaruza mstari tu mahali pa kiungo. Siku hizi mstari wenyewe mara nyingi haupo, au umechorwa kwa asidi pamoja na "mawimbi ya chuma" bandia. Kutoka kiungo, kwenda mstari, kwenda picha ya mstari. Miaka mia moja hiyo.

Wadau watasema ni njaa, ni bidhaa rahisi za viwandani, vijana wamekuja kufanya kazi kwenye meli kama mimi. Yote kweli. Kamagong nao umelindwa na serikali, kuukata na kuusafirisha kunataka kibali, kwa hiyo mhunzi wa kawaida anatafuta mti mwingine. Silaumu. Niambie tu kwamba ni mti mwingine! Pembe ya nyati wa majini ipo, henzirani ya kufungia ipo. Nani alisema lazima iwe kamagong ndipo nilipe?

Ila ninavyoona mimi, kiini ni kwamba mnunuzi harudi. Mkulima wa Batangas akinunua bolo gulioni na likakunjika kwenye muwa wa kwanza, kesho asubuhi yuko mlangoni kwa panday na maneno yake, na keshokutwa soko zima linajua. Ndiyo maana bolo la mkulima, lile baya la sura, lenye alama za nyundo na mpini wa mti wowote, mpaka leo bado linakata. Nenda Tabaco kule Albay, nenda Apalit kule Pampanga, miji ya wahunzi hiyo, uliza wanachotumia wenyewe shambani. Hawatakupa chenye kromu. Mtalii yeye anapanda ndege. Panga lake litatundikwa ukutani, halitakutana na dafu maisha yake yote. Kwa nini mtu ahangaike na makaa na giza na rangi ya majani makavu kwa ajili ya ukuta?

Balisong imeumia zaidi. Iko barangay (kijiji au mtaa) kabisa yenye jina hilo pale Taal, Batangas. Kisu kilikuwa cha mfukoni, cha kila siku, kumenyea embe na kukatia kamba. Kikawa na sifa mbaya. Sheria ya kwao yenyewe ya 1978, Batas Pambansa Blg. 6, ikakataza kutembea na chenye ncha nje ya nyumba isipokuwa kama ni chombo cha kazi. Uingereza wakapiga marufuku kuiuza 1988. Mtumiaji akaondoka, akabaki mnunuzi wa ukumbusho. Yangu ukiifungua, mipini haikutani, imepishana kama meno ya mtoto. Pini zinacheza. Na karibu na ncha pana rangi ya bluu, ile bluu ya tausi inayopendeza machoni. Bluu hiyo maana yake grenda ilichoma chuma kikapita nyuzi 290, na kama kilikuwa na ugumu wowote, hapo uliishia. Wao wameiacha hivyohivyo, nadhani wameona ni pambo.

NYONGEZA: Mdau mmoja ameuliza kama nilirudi dukani. Nilirudi, mkuu! Mimi ni baharia, mimi ndiye mtalii anayerudi, hilo hawakulitegemea. Meli ilipita tena Batangas baada ya miezi minne na mpini niliubeba kwenye mfuko wa nailoni. Yule kijana wa dukani aliutazama, akanitazama, akasema kwa upole kabisa: "Sir, that is for display." Kwa Kiingereza, mbele ya kibao kilichoandikwa kwamba vyote vimefuliwa kwa mkono kwa ajili ya kazi. Nikamuuliza panday aliyelitengeneza ni nani. Hajui. Yanakuja kwa boksi.

Nilimtafuta serahangi wangu wa zamani kwa simu. Tatay alifariki 2019. Yule mjukuu aliyekuwa anavuta mvukuto yuko Qatar, fundi wa viyoyozi.

NYONGEZA 2: Waliosema "peleka kwa mhunzi wa hapahapa akuwekee ugumu upya", nimefanya hivyo juzi. Nilikwenda kwa fundi mmoja anayefua majembe na mashoka kwa springi za lori, kazi ileile, moto uleule. Akaingiza ubapa motoni mpaka ukaiva, akauzamisha kwenye mafuta machafu ya injini, akapitisha tupa. Ikala kama siagi. Akarudia kwa maji, nayo ikala. Akaniangalia kwa huruma, akasema: "Kaka, hii haijawahi kuwa springi. Hiki ni chuma cha madirisha, hakishiki ugumu hata ukikisomea dua."

Akaligeuza geuza, akalipima kwa shubiri.

"Lakini bawaba mbili za geti zinatoka hapa, tena nzuri."

Nimemwachia. Kasema nizifuate Ijumaa.