Msaada: kompyuta ya tawini haiingii kwenye seva ya MySQL, kosa 2003 (10060)

kaunta_mbili:
Wakuu, habari za majukumu. Nina programu ya mauzo ya duka la vipuri, kanzidata ni MySQL 8 kwenye seva ya kukodi yenye Ubuntu. Duka la Kariakoo lina faiba na linaingia bila shida. Tawi jipya la Mbagala linatumia laini ya simu kwenye ruta ndogo. Windows 10, programu ileile, neno la siri lilelile. Ukibonyeza Ingia inaduwaa weee, kisha inatupa 2003 na kwenye mabano 10060. Ping kwenda kwenye seva inajibu vizuri tu. Fayawoli ya Windows nimezima, wapi. Muuzaji anaandika kwenye daftari, jioni ananitumia picha WhatsApp. Naombeni mawazo.

mgeni_wa_jiji:
Ngoja waje wataalamu. Nakaa hapa nasoma, nami yananikuta hayo kwa Postgres, kanzidata nyingine kama MySQL.

dogo_mtandao:
Weka bind-address, anwani ambayo MySQL inasikilizia, iwe 0.0.0.0 yaani zote, washa MySQL upya. Kazi kwisha.

fundi_nyaya:
Dogo, ingekuwa bind-address hata Kariakoo wasingeingia. Someni hiyo namba. 10060 ni kwamba umeita, hakuna aliyeitika. 10061 ungekataliwa papo hapo, aghalabu kwa sababu hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. 1130, MySQL imekusikia ila haipokei wageni kutoka anwani yako. 1045 ndiyo mambo ya jina na neno la siri. Mkuu, wewe hujafika hata kwa MySQL.

Ping isikudanganye, ni ICMP hiyo, ujumbe wa kuuliza tu kama mashine ipo, haina habari na poti 3306, mlango wa MySQL. Fungua PowerShell hapo Mbagala:

Test-NetConnection anwani-ya-seva -Port 3306

Angalia mstari wa TcpTestSucceeded. Kwenye seva endesha sudo ufw status (ufw ni fayawoli ya Ubuntu), utuletee majibu. Na fayawoli ya Windows irudishe, kwa kawaida haizuii yanayotoka.

kaunta_mbili:
TcpTestSucceeded: False. Ufw inaruhusu 22, poti ya SSH ya kuingilia seva kwa mbali, kutoka popote, lakini 3306 kutoka anwani moja tu, ile ya faiba ya Kariakoo. Aliyesimika seva alishaacha kazi. Niongeze anwani ya Mbagala? Maana ya jana na ya leo si moja.

fundi_nyaya:
Na haitatulia. Laini nyingi za simu ziko nyuma ya CGNAT, mnagawana anwani moja ya nje na wateja wengine kibao. Ukiiruhusu umewaruhusu na wao.

dogo_mtandao:
Si afungue 3306 kwa wote, aweke neno la siri refu?

mama_seva:
Usithubutu, mwanangu. Roboti zitaigonga hiyo poti usiku kucha. Pitisha kwenye handaki la SSH, njia iliyosimbwa hadi ndani ya seva; programu ya ssh Windows 10 za karibuni zinayo tayari:

ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -L 3307:127.0.0.1:3306 tawi@anwani-ya-seva

Kisha programu ielekeze 127.0.0.1, poti 3307. Nimekwepa 3306 makusudi, huenda kuna XAMPP, kifurushi chenye kanzidata yake, imeikalia hapo. Tumia faili la ufunguo, si neno la siri.

kaunta_mbili:
Handaki limekubali, ila sasa inasema 1045, Access denied for user 'mauzo'@'localhost'. Neno la siri sijaligusa!

mama_seva:
Umesogea. Ukipita kwenye handaki, MySQL inakuona kama umetokea ndani ya seva yenyewe. Nadhani 'mauzo' alisajiliwa kwa anwani ya faiba peke yake, na kwa MySQL 'mauzo' wa anwani nyingine ni mtu mwingine kabisa. Hakikisha kwa SELECT user, host FROM mysql.user, halafu tengeneza 'mauzo'@'localhost', mpe SELECT, INSERT na UPDATE kwenye kanzidata ya duka tu. GRANT ALL, ya kumpa ruhusa zote, sitaki kuisikia.

kaunta_mbili:
Imeingia! Muuzaji anahamisha mauzo ya daftari muda huu. Shida ndogo: umeme ukikatika ruta inazima, na handaki linakufa mpaka alifungue tena kwa mkono.

mama_seva:
Kwa hilo weka WireGuard, ni VPN. Fungua UDP 51820 kwenye seva, na laini ikirudi inaunganika yenyewe.

mgeni_wa_jiji:
Kwa Postgres nibadilishe 3306 kuwa 5432 tu?

fundi_nyaya:
Ndiyo. Ikikataa bado, angalia pg_hba.conf, faili la Postgres la nani aruhusiwe kuingia, mstari wa 127.0.0.1/32.