Jenereta ya kuwasha friji na taa nichukue ya ukubwa gani? Stima haipo tangu Ijumaa

Kaka_Mtulivu (Jumatatu, saa 2:40 usiku)
Wadau, habari za jioni. Niko Nairobi, South B upande unaoelekea Mukuru. Ile mvua ya Ijumaa iliyokuja na upepo iliangusha mti juu ya nyaya, tukasikia mlio upande wa transfoma, na kuanzia hapo ni giza. Tumeripoti, tukapewa namba ya ripoti, tukaambiwa mafundi wako njiani. Hiyo njia sijui inaanzia wapi.

Mama yangu ana sukari, anadunga insulini, na dawa inakaa kwa friji. Mimi mwenyewe nimechoka kupanda ngazi na simu mdomoni kama mbwa aliyeokota mfupa. Nimeamua kununua jenereta ndogo ya petroli. Swali ni moja tu: kuna ya kVA 1 (hicho ni kipimo cha nguvu yake) na kuna ya 2.5, ipi itabeba friji, taa na tivii? Sola msinitajie, bei nazijua.

Jua_Kali_Kweli
Sola. Paneli moja, betri moja, inveta. Utanishukuru.

Kaka_Mtulivu
Nimesema nini kuhusu sola?

Jua_Kali_Kweli
Ulisema nisitaje bei. Sijataja.

Fundi_Wa_Mtaa
Friji ikishazunguka haili sana, wati 150 hivi kwa ya kawaida. Shida ni ile sekunde inaanza: mota yake inavuta mara kadhaa ya hapo. kVA 1 itakoroma halafu izime, au mbaya zaidi iendelee kukoroma na ikuunguzie kompresa. Chukua 2.5. Lakini kabla hujalipa, niambie vitu viwili: utaiweka wapi, na utaiunganisha vipi na nyumba?

Kaka_Mtulivu
Asante sana fundi. Basi ni 2.5. Nimeshaacha pesa kidogo kwa mtu fulani River Road anishikie, kesho namalizia.

Mzee_wa_Kandili
Vijana mmezoea raha. Sisi tulisoma na koroboi hadi pua ikawa nyeusi na tukapita mtihani. Agosti 2023 nchi nzima ilipokosa stima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa gizani kwa sababu jenereta ya sehemu moja ya abiria ilikataa kuwaka. Kama ya uwanja wa ndege ilikataa, yako ya River Road ni nani? Nunua taa ya mafuta, funika maziwa, lala mapema.

Fundi_Wa_Mtaa
Kaka, nimekuuliza maswali mawili, hujajibu hata moja.

Bila_Makaa
Hapo kwa "utaiweka wapi" niruhusuni nisimulie. Nilikuwa naishi bedsita Kahawa West na jamaa tuliyetoka naye kijijini. Julai, ile baridi ya Nairobi inayoingia hadi kwa soksi. Tukapika githeri kwa jiko la makaa, na tukaona ni upumbavu kutoa moto mzuri hivyo nje. Tukafunga mlango, tukaziba hata ile nafasi ya chini na taulo. Usiku nikaamka na kichwa kinagonga, miguu haisikii amri. Nikatambaa hadi mlangoni na sikuweza kufungua komeo. Jirani aliyekuwa anaenda choo ndiye alisikia nikikwaruza mlango. Jamaa yangu alilazwa. Hakukuwa na moshi hata kidogo, makaa yalikuwa mekundu safi. Ile hewa, kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Jenereta inatoa hiyo hiyo, tena kwa wingi kuliko jiko. Huyo jamaa siku hizi yuko Eldoret, ameoa msichana niliyekuwa nampenda mimi, lakini hiyo ni mada nyingine.

Dada_wa_Umoja
Usiende hivyo Bila_Makaa, fungua uzi wake.

Kaka_Mtulivu
Pole ndugu. Yangu haitakuwa ndani, itakuwa kwa korido, nyuma ya grili, ili isiibiwe. Korido ina dirisha. Kuunganisha ni rahisi: nina waya nimetengenezewa, una plagi pande zote mbili. Upande mmoja kwa jenereta, upande wa pili nachomeka kwa soketi ya ukuta, nyumba yote inawaka.

Mchekeshaji_Rasmi
Jenereta kwa korido. Hizo taa zitawamulikia vizuri waombolezaji.

Fundi_Wa_Mtaa
USIFANYE HIVYO. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimewahi kupanda nguzo.

Kwanza huo waya. Ukichomoka upande wa ukuta na jenereta inanguruma, hizo pini zilizo nje zina volti 240 na mtoto yeyote wa ploti anaweza kuziokota. Pili, usipozima swichi kuu, stima yako inatoka kwa soketi, inapita kwa mita, inaingia kwa laini ya mtaa na kurudi kwa transfoma kinyumenyume. Transfoma haijui kwenda wala kurudi, inapandisha tu: 240 yako inakuwa 11,000 kule juu. Fundi unayemlaani hajafika ndiye atakuwa ameshika huo waya akiamini umekufa. Tatu, stima ya mtaa ikirudi ghafla, itakutana na jenereta yako na hiyo jenereta haitakuwa na hadithi ya kusimulia.

Korido nayo ni nyumba. Jenereta inakaa nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka dirisha na mlango wowote, chini ya paa isinyeshewe, na hewa ipite pande zote.

Kaka_Mtulivu
Nitazima swichi kuu kwanza, mimi si mtoto. Na kuna jirani yangu wa zamani Kayole ametumia waya kama huo miaka na hajafa.

Fundi_Wa_Mtaa
Uzima wake unatoka kwa Mungu, si kwa huo waya. Mbona usivute ekstensheni moja nene kutoka kwa jenereta hadi kwa friji, basi? Soketi za ukuta unazitakia nini?

Kaka_Mtulivu
Ekstensheni ililowa.

Dada_wa_Umoja
Ililowa na nini, na ilikuwa ndani?

Kaka_Mtulivu
Maji ya Mto Ngong yaliingia kidogo Ijumaa.

Fundi_Wa_Mtaa
Kidogo ni wapi?

Kaka_Mtulivu
Yalifika kwa soketi za chini. Zile zilizo juu kidogo ya skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta. Lakini yalitoka Jumamosi na tumepanguza, kuta zimekauka.

Fundi_Wa_Mtaa
Sasa ndiyo umeanza kuandika uzi wako.

Sahau kVA. Ukuta umekauka kwa nje. Ndani ya soketi na mabomba ya waya kuna maji na matope ya mto. Hata stima ya mtaa ikirudi sasa hivi, hiyo nyumba isiipokee. Zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu na mkono mkavu. Kama ubao wa mita nao ulilowa, usiuguse, waite wenye laini wakate kutoka nje. Halafu tafuta fundi aliyesajiliwa, aje na kipimo cha kuona kama nyaya zinavuja. Soketi zilizozama hazikaushwi na feni, zinabadilishwa. Na friji ilisimama kwa hayo maji? Mota ya friji iko chini kwa nyuma, huko huko maji yalikofika.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Naingilia upande wa dawa kwa sababu ndiyo niliyoijia na naona kila mtu anaongea nyaya. Insulini haikudai jenereta. Chupa zisizofunguliwa ndizo hukaa kwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi hukaa nje ya friji kama wiki nne bila shida mradi joto lisipite kile kiwango kilichoandikwa kwa karatasi yake, mara nyingi nyuzi 25 au 30. Hii ni Nairobi msimu wa mvua, si Lodwar kwenye joto. Iweke mbali na jiko na dirisha la jua. Ukitaka zaidi, chungu cha udongo ndani ya beseni la maji, kifunikwe na kitambaa chenye unyevu. Zile mpya peleka kwa duka la dawa lenye stima, waombe wakuwekee.

Samaki_wa_Gikomba
Au anunue barafu ile ya samaki aizike ndani.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Hapana! Insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka tena. Isigusane na barafu.

Jicho_la_Tatu
Samahani wadau, mimi nimekaa nasoma na kuna kitu kinanikwaruza. Post ya kwanza: "nimechoka kupanda ngazi". Sasa maji ya mto yamefika kwa soketi. Mto Ngong umepanda ngazi? Pia stima haipo tangu Ijumaa na wewe unajibu kila dakika, simu inachajiwa na nini? Na sola hataki kusikia, jenereta anajua na mtaa wa kuinunua. Akaunti ni ya mwezi huu. Huyu anauza jenereta. Kesho atarudi na namba ya simu na "bei ya ofa".

Mchekeshaji_Rasmi
Mto Ngong umelipia kodi ghorofa ya tatu 😂

Mzee_wa_Kandili
Nilijua. Sisi zamani tungemjua mtu kwa macho.

Bila_Makaa
Nimemwaga siri zangu za Kahawa West kwa mfanyabiashara?

Kaka_Mtulivu
Simu nachajia kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, laini yao ni nyingine, shilingi 20. Na siuzi kitu.

Ngazi ni zangu, naishi ghorofa ya tatu. Nyumba iliyoingia maji ni ya mama, iko chini, ploti hiyo hiyo. Friji pia ni yake.

Shangazi_Mkali
Ngoja. Mama yako mwenye sukari analala chini penye matope, na wewe uko juu pakavu unauliza mambo ya tivii? Mimi naomba tu nisijue jina lako. Mwaka 2024 mwezi wa Aprili si tuliona Mathare watu wakitolewa kwa mapaa usiku? Mvua ya masika haijaisha. Mchukue mama.

Kaka_Mtulivu
Shangazi, shikamoo. Nimemwomba tangu Ijumaa. Hataki. Ana duka la dirishani, anauza maziwa, mayai na mkate, na anasema akifunga siku mbili wateja wanahamia kwa yule wa geti la pili na hawarudi. Magoti hayapandi ghorofa tatu kila saa. Na kusema ukweli yeye na mke wangu wakikaa nyumba moja hali ya hewa hubadilika. Friji ndiyo duka. Ikiwaka, anatulia.

Dada_wa_Umoja
Kumbe jenereta ni ya maziwa.

Kaka_Mtulivu
Ni ya dawa na maziwa.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Maziwa ya pakiti yaliyoingia Ijumaa yasiuzwe. Friji iliyofungwa hushika baridi kama masaa manne tu. Na chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko kinatupwa, hata kama pakiti haijapasuka. Yale maji yana choo cha watu.

Mchekeshaji_Rasmi
Yasiuzwe kwa nini, leo si yamekuwa mala tayari?

Jicho_la_Tatu
Mimi bado siamini, lakini hiyo ya mke na mama imenigusa. Mtu hawezi kubuni hiyo.

Shangazi_Mkali
Mwenye nyumba yuko wapi? Ploti yake imeingia maji na amenyamaza?

Kaka_Mtulivu (Jumanne, saa 1:15 usiku)
Mwenye nyumba amesema soketi si kazi yake, keateka amezima simu. Nimezima swichi kuu ya chini. Fundi wa kupima anakuja Alhamisi. Nimemwambia mama duka liuze mkate na mayai tu kwanza, amenuna lakini amekubali, na usiku analala kwangu, asubuhi saa kumi na moja tunashuka naye ngazi moja moja. Mke amempa kitanda chetu, sisi tuko sebuleni. Waya nimeukata plagi moja. Jenereta bado nafikiria, huko nyuma ya tanki la maji kuna nafasi na ni mbali na madirisha.

Fundi_Wa_Mtaa
Mbali ni mita ngapi?

Samaki_wa_Gikomba
Ukiamua kutoichukua hiyo 2.5 niambie uliacha pesa ngapi, mimi friza yangu ya samaki inahitaji.

Jicho_la_Tatu
Si nilisema? Imeanza kuuzwa.