Majirani Njia ya Mtoni, Pasua: makufuli ya baiskeli

Jumanne

18:04 Mama Glory: Habari za jioni majirani. Baiskeli ya pili imeondoka, kwa Mama Irene, usiku wa kuamkia leo. Waya umekatwa ukaachwa pale pale kama mkia wa mjusi. Nimeongea na muuzaji: makufuli ya U (ya chuma kilichopindwa kama herufi U) sh 35,000 kila moja tukichukua 9. Oda inafungwa Alhamisi saa 6 mchana. Nani yumo? Jiandikeni kwa namba, mimi wa 1.

18:05 Mama Glory: Andikeni majina, msiangalie tu.

18:31 Mama Glory: Naona mmesoma watu 23.

18:40 Deo: Pole sana Mama Irene 🙏 Niweke, 2.

18:52 Baba Haika: 3. Ya namba hayapo? Funguo zinapotea.

18:58 Fundi Side: Ya namba ya bei hiyo achana nayo Baba Haika. Mtu analivuta likaze huku anazungusha kigurudumu, kikifika penye pengo anakisikia kwa kidole. Hana haja ya kujaribu namba 10,000 zote.

18:59 Fundi Side: Mama Glory, hilo la 35,000 lina unene gani? Chuma chenyewe, usipime na mpira wake.

19:03 Mama Glory: Muuzaji kasema ni nene.

19:04 Deo: 😂😂 na mimi naambiwa hivyo hivyo

19:06 Fundi Side: Nene si kipimo. Mpira wa juu unaweza kulifanya la milimita 12 lionekane 18. Sogeza mpira pale mguu unapoingia kwenye mtambo, weka kalipa. 12 kushuka chini, mkasi wa nondo wa inchi 36 unalikata mtu akiuegemea. 14 anatoka jasho. 16 kwenda juu na chuma kikiwa kimekazwa kwa moto, mkasi wa mkono hauliwezi.

19:07 Baba Haika: Na grainda?

19:09 Fundi Side: Grainda inakata U yoyote ya kawaida, dakika moja mbili hivi. Ila inapiga kelele na cheche, na hapa mbwa wa Babu wanaamka hata kwa kikohozi. Tunanunua muda, hatununui ukuta.

19:11 Deo: Kwa hiyo 16 ndiyo Rovanperä wa makufuli, yule dereva wa rali

19:12 Baba Haika: Rovanperä nani. Sema Shekhar Mehta.

19:12 Mama Glory: Msianze.

19:14 Deo: Baba Haika, Rovanperä kachukua Safari Rally ya Kenya 2022 na 2024, bingwa wa dunia akiwa na miaka 22. Mehta nje ya Safari hana ushindi hata mmoja wa ubingwa wa dunia.

19:17 Baba Haika: Safari kashinda MARA TANO. 1973, halafu 1979, 80, 81, 82 mfululizo. Enzi hizo ni zaidi ya kilomita 5,000, barabara wazi, unakutana na lori na ng'ombe. Siku hizi hatua za muda hazifiki hata 400 halafu jioni gari linalala kwa mafundi.

19:19 Deo: Sasa kasi ya leo unaijua? Mehta alikuwa anatunza gari tu.

19:20 Baba Haika: Kutunza gari NDIYO udereva. Loeb ana ubingwa 9 na ushindi 80. Safari ngapi? Sifuri.

19:21 Mama Glory: JAMANI MAKUFULI. Tuko watatu. Nahitaji 9.

19:38 Mama Irene: Asanteni kwa pole. Niandikeni 4 kama kutakuwa na baiskeli ya kulifunga.

19:44 Mama Glory: Usijali dada. Fundi, maliza tuagize. Ufupi.

19:52 Fundi Side: Ufupi hauwezekani. Muulize muuzaji haya.

Moja, linajifunga pande mbili au upande mmoja? Upande mmoja mwizi anakata mara moja anazungusha, limetoka. Pande mbili lazima akate mara mbili.

Mbili, ufunguo ukoje. Ule wa duara kama bomba usichukue, hata kwa bure. Makufuli ya aina hiyo mwaka 2004 huko Marekani yalifunguliwa kwa bomba la plastiki la kalamu ya Bic, kampuni ikabadilishia wateja. Bapa wenye meno kama wa kufuli la mlango unachokonolewa. Unaofaa ni wa visahani, una vishimo au mikato ya pembe pembe ubavuni, hauna meno.

19:53 Fundi Side: Tatu, na hili hamlijui: katoni moja ya makufuli rahisi funguo huwa zinajirudia. Tukichukua 9, kila ufunguo uingizwe kwenye makufuli 8 ya wenzake. Majaribio 72. Dukani, kabla ya kulipa.

19:55 Mama Glory: Fundi, 72?? Muuzaji atanifukuza.

19:56 Fundi Side: Akikufukuza umepata jibu.

19:58 Deo: 😂😂😂

20:10 Baba Ester: Nimechelewa. Langu mimi walichukua baiskeli wakaacha gurudumu la mbele na kufuli lake limefungwa vizuri kabisa.

20:14 Fundi Side: Ndiyo maana U lipite kwenye fremu na rimu ya NYUMA kwa pamoja, ndani ya ile pembetatu ya nyuma, halafu kwenye nguzo. Gurudumu la mbele nati mbili tu limetoka, kama lina kile kimkono cha haraka hata spana haitakiwi. Ule waya wa zamani usiutupe, upitishe mbele, uingie kwenye U.

20:15 Fundi Side: Na lisiguse chini. Mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi ardhini halafu uzito wote wa mwili uko juu yake. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua na vumbi visiingie.

20:16 Fundi Side: U likibaki na uwazi mkubwa ndani, jeki ndogo ya gari inaingia na kulipasua. Baiskeli na nguzo vijaze nafasi.

20:20 Baba Ester: Nguzo ya umeme je?

20:21 Fundi Side: Haizungukiki na U. Hapo mnyororo, pingili za pembe nne au sita, milimita 10 na zaidi, na kufuli lake lilingane nao. Mita moja ni kilo mbili na ushee, utaubeba. Ule unaouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni wa kufungia ng'ombe.

20:23 Mama Glory: Hatununui mnyororo. Tunaweka bomba pale kwenye kona, nimeshaongea na mwenye kiwanja.

20:25 Fundi Side: Bomba la inchi 2, juu lichomelewe kipande cha kukingama, la sivyo baiskeli inanyanyuliwa na kufuli lake. Ndani weka nondo ya 16 ikae huru, usiijazie zege. Msumeno ukiifikia inazunguka, meno hayashiki. Shimo futi 2.

20:31 Baba Haika: Bomba tunachangaje?

20:33 Baba Ester: Kama tulivyochanga taa? 🙂

20:33 Baba Ester: Nauliza tu.

20:41 Mama Glory: Baba Ester usinianze. Stakabadhi za taa nilimkabidhi Baba Haika mbele ya watu.

20:42 Mama Glory: @Baba Haika

20:58 Mama Glory: @Baba Haika si ulikuwa hapa sasa hivi

21:05 Deo: Baba Haika kajitoa hatua ya pili, injini 😂

21:06 *Ujumbe huu umefutwa*

21:30 Babu wa Kona: Nawasalimu wote. Nimesoma kuanzia juu. Huyo Mehta, mwaka 1973 alilingana pointi na Källström, wote wakiwa na Datsun, na ushindi akapewa Mehta. Wa kuheshimiwa kwangu ni Joginder Singh, 1965 kwenye Volvo, 1974 na 1976 kwenye Lancer. Alikuwa fundi kwanza ndipo akawa dereva.

21:31 Deo: Babu!!! 🔥🔥

21:34 Babu wa Kona: Deo, sijamaliza. Pesa ya makufuli isitumwe kwa mtu yeyote mmoja. Hesabu ya taa haijasomwa mpaka leo, na njia ya mtoni bado giza. Mwizi anapita penye giza. Isomwe Jumapili kwangu baada ya ibada ya pili. Kisha tuzungumze kufuli na bomba. Mama Irene aje kesho, kuna Phoenix ya marehemu ndugu yangu imekaa tu, ina tairi mbovu la nyuma. Fundi ataiangalia.

21:36 Fundi Side: Shikamoo Babu. Nitaiangalia.

21:40 Mama Irene: Aika Babu. Mungu akubariki.

21:52 Deo: Sawa Babu

22:15 Mama Glory: Sawa Babu. Ila oda inafungwa Alhamisi.

Jumatano

07:20 Mama Glory: Habari za asubuhi. Orodha: 1 Mama Glory, 2 Deo, 3 Baba Haika, 4 Mama Irene. Nimeomba sampuli moja nije nayo leo, haijalipiwa.

12:47 Dada Rukia: Mimi 5. Ni kufuli la nini?

13:02 Baba Ester: Nasubiri Jumapili.

17:38 Fundi Side: Sampuli ninayo. Kalipa inasoma 13 bila mpira. Linafunga pande mbili, hapo sawa. Ufunguo bapa wenye meno.

17:39 Fundi Side: Ngoja nipitishe tupa. Chuma kilichokazwa, tupa inateleza kama kwenye kioo. Laini, inakula.

17:51 Fundi Side: *Picha*

17:51 Fundi Side: Imekula.

17:53 Mama Glory: Kidogo au sana?

17:55 Fundi Side: Msukumo wa kwanza tu imeacha mstari. Unaona vumbi la chuma hapo kwenye kidole.

18:20 Mama Glory: Muuzaji anasema ana la 16, sh 62,000. Akipata watu 9 anashusha mpaka 58.

18:21 Mama Glory: Nani bado yumo?

19:44 Deo: Hilo nalo lipitishwe tupa kwanza

20:02 Baba Haika: Nilikuwa sina chaji jana. Babu, Joginder sawa, ila TANO ni tano.

20:03 Mama Glory: Baba Haika stakabadhi.

20:40 Dada Rukia: Kufuli ukilipaka oili linakaza?

20:44 Fundi Side: Usipake oili Rukia, vumbi letu hili linashika linakuwa ugali humo ndani. Saga risasi ya penseli iwe unga, puliza kwenye tundu, zungusha ufunguo mara kumi.

20:45 Dada Rukia: Penseli ya HB?

20:49 Fundi Side: 2B au zaidi, ile nyeusi laini. HB ina udongo mwingi.