Mjamzito wa miezi miwili mnamrudisha nyumbani "mpaka tumbo lionekane", kisha mnamsema mbele za watu kwamba kachelewa kliniki?

Wakuu, habari za mchana. Mie humu huwa nasoma tu na kupita, ila leo nimeshindwa. Zahanati siitaji, nesi simtaji, msijisumbue kuniuliza. Jueni tu ni hapa hapa Tanga mjini.

Mhusika ni wifi yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja. Alipokosa siku zake alinunua kipimo cha mkojo duka la dawa, mistari miwili ikatoka. Sasa sisi tuliozaliwa huku tunajua tulivyolelewa: mimba changa haitangazwi, watu wana macho, unajitanda kanga mbili mpaka tumbo lenyewe liseme. Wifi hakungoja hayo. Wiki ile ile kavaa baibui lake kaenda kliniki, mimba ina miezi miwili. Nyumbani tukamsifu, hata mama ambaye si mwepesi wa kusifu wakwe.

Kufika kule mazungumzo yakawa haya:

"Ina muda gani?"

"Miezi miwili, sista."

"Miezi miwili nikupime nini? Tumbo lenyewe liko wapi? Nenda, urudi mimba ikifika mwezi wa nne. Na uje na mwenza wako."

Basi. Hakupimwa presha, hakutolewa tone la damu, hakupewa hata kidonge. Tumbo liko wapi! Kwa miezi miwili kizazi bado kimo ndani ya nyonga, hata mkunga mwenye vidole vya ajabu hawezi kukipapasa kwa juu. Lakini tangu lini kupima damu na mkojo kukahitaji tumbo?

Akangoja alivyoambiwa. Mwezi wa nne karudi, na hapo ndipo kiini macho chenyewe kilipoanza. Kaka yangu ni mvuvi, na kipindi hicho alikuwa dago upande wa Mafia, simu yake inashika kwa bahati. Wifi kaeleza mume yuko baharini. Jibu: basi lete barua ya serikali ya mtaa.

Naomba niikalie kidogo hii barua, kwa sababu wanaume wengi humu hamjawahi kuisikia. Mwanamke akija hudhurio la kwanza bila mwanamume, anatumwa kwa mwenyekiti wa mtaa akaandikiwe kwamba huyu ni mkazi wangu, mume wake yuko safarini, naomba ahudumiwe. Muhuri juu. Wifi kafika kwa mwenyekiti, kaambiwa aanze kwa mjumbe. Mjumbe kasaini. Karudi, mwenyekiti yuko msibani Muheza na muhuri kaufungia. Siku alipopatikana, alikuwa barazani na wenzake wanacheza bao, akauliza kwa sauti ile ile ya kuhesabu kete: "Kwani mimba yenyewe ya nani?" Watu wakacheka. Wifi kasimama pale, mtu mzima, mke wa ndoa ya msikitini, anangoja kipande cha karatasi ya daftari. Na hela ya muhuri elfu mbili katoa.

Huyo ni mwenye mume. Msichana aliyekimbiwa na aliyempa mimba aende akaseme nini pale kwenye bao? Wapo wanaomkodi bodaboda awe mume wa asubuhi moja, na si siri, manesi wenyewe wanacheka wakisimulia.

Barua imepatikana, kaenda, kaambiwa leo si siku ya wajawazito wapya. Siku yao ni moja kwa wiki, na hakuna aliyewahi kumwambia. Hivyo hivyo, danadana, mpaka anafunguliwa kadi mimba imeshavuka miezi mitano. Nesi kutazama umri wa mimba, akainua sauti benchi zima lisikie: "Nyie wanawake wa Tanga mnajua kujipara na kujifukiza udi tu, kliniki mnakuja tumbo limefika kidevuni!"

Ni mimi niliyemsindikiza siku hiyo. Nilijibu. Nilichojibu sikiandiki hapa nisije nikafungiwa.

Kupimwa wingi wa damu, ikasoma nane na ushei. Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Ilianza kushuka lini? Nani atajua, wakati ile siku ya kwanza alipokwenda na miguu yake walikataa kumtoboa kidole?

Kwa wale wanaodhani kuwahi kliniki ni urembo wa wasomi, sikilizeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka mjamzito ahudhurie angalau mara 8 badala ya zile 4 za zamani, na hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Wiki 12 ni miezi mitatu. Kwa hiyo yule anayesema "rudi mwezi wa nne" anakutoa nje ya muda kwa mdomo wake mwenyewe.

Na sababu zipo. Kaswende ikionekana mapema ni sindano ya penisilini na mambo yamekwisha. Ikiachwa, mtoto anaweza kufia tumboni au akazaliwa nayo. VVU ndiyo usiseme: mama asipotumia dawa, hatari ya mtoto kuambukizwa tangu tumboni mpaka kunyonya ni kati ya asilimia 15 na 45, akianza dawa mapema na kuzimeza inavyotakiwa inashuka chini ya asilimia 5. Mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba au mwenye presha ya siku nyingi huanzishiwa aspirini ya kiwango kidogo kabla mimba haijafika nusu, sasa ukimfungulia kadi mwezi wa sita treni imeshaondoka. Vidonge vya madini chuma vinatakiwa viingie mwilini tangu mwanzo. Foliki asidi ndiyo kabisa, uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne tu tangu mimba kutungwa, ndiyo maana hushauriwa kuimeza hata kabla ya kushika mimba. Nyie mnangoja tumbo.

Malaria nayo tuko nayo pwani hii, hatuhitaji kuhadithiwa. SP, vile vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, hutolewa kuanzia wiki ya 13, zikipishana mwezi, walau mara tatu kabla ya kujifungua. Piga hesabu ya mtu aliyeanza mwezi wa saba: hizo tatu azipate kwa kubahatisha. Na malaria ya mjamzito ina ujanja wake, vijidudu vinajificha kwenye kondo la nyuma, mama hana homa, yuko sokoni anauza dagaa, kumbe damu inakwisha na mtoto hakui. Chandarua chenye dawa kinatolewa hudhurio la kwanza. Wifi yangu miezi yote ile kalala ndani ya kile cha zamani kilichofungwa mafundo kwenye matundu.

Halafu kuna tarehe. Miezi miwili mwanamke anakumbuka siku zake za mwisho bila kukuna kichwa. Ukimuuliza mwezi wa sita atakwambia "ilikuwa kama siku chache kabla ya Ramadhani". Kwa makisio hayo nani atajua mtoto kapitiliza au kawahi? Na kipimo cha picha (ultrasound) nacho, kadiri mimba inavyokua ndivyo kinavyozidi kukosea umri.

Najua watakuja wa kusema wanawake wenyewe wazembe. Ni kweli wapo wanaochelewa kwa hiari yao, wengine kwa kuogopa husuda, wengine wanafunzi wanaoficha, wengine wamezaa watano salama wanaona kliniki ni kupotezewa siku. Siwakatai. Utafiti wa taifa wa 2015-16 wa afya ya uzazi ulikuta karibu wajawazito wote, asilimia 98, wanafika kliniki angalau mara moja, lakini walioanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ni kama mmoja katika wanne. Hebu zitazameni hizo namba mbili. Mtu anayeogopa kliniki haendi kabisa. Hawa wanakwenda! Sasa ulizeni wangapi kati yao walishafika mapema wakageuziwa mlangoni, maana aliyerudishwa haandikwi kwenye daftari lolote. Kwenye kadi linasomeka hudhurio moja tu, lile la miezi mitano, na mchelewaji ni yeye.

Kuhusu wanaume, msinielewe vibaya. Mume kuja ni jambo zuri, wanapimwa wote wawili, maana ukimtibu mke kaswende na mume ukamwacha, anarudi nayo. Lakini kuhimizwa ni kitu kimoja na kumgeuza ufunguo wa mlango ni kitu kingine. Kupima VVU kwa sheria yetu ya 2008 ni hiari. Mpimeni aliyekuja, mpeni kadi, mpeni na ujumbe ampelekee mwenziwe. Mwenye kumbukumbu ya mwongozo wowote wa wizara unaosema mjamzito asihudumiwe bila mume au barua ya mtaa, auweke hapa tuusome sote.

Sijasema manesi wote. Nesi mmoja siku ile peke yake anafungua kadi, anachanja watoto, anagawa uzazi wa mpango, na choo cha wagonjwa kimefungwa hakina maji. Nayaona hayo. Lakini uchovu hautungi sheria ya barua.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema tungempeleka hospitali ya kulipia, ahsante, ila huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera, na wifi ana haki nayo kama wewe ulivyo na haki ya barabara. Dada wa Pangani, pole, kumbe na kwenu ni hivyo hivyo. Anaulizwa wifi anaendeleaje: anameza vidonge, anakula matembele na dagaa mpaka kachoka, hudhurio lijalo atapimwa damu tena. Kaka karudi juzi, na amesema hudhurio hilo wataongozana, awaulize hao waliomtaka kwa barua sasa wanamtakia nini.

Ninachohitaji kwenu ni kimoja. Anayejua ngazi ya kupeleka malalamiko pale halmashauri ya jiji, nje ya lile sanduku la maoni lenye kufuli lisilofunguliwa, anielekeze hapa hapa na wengine waone. Na walioombwa barua kama hii wataje mwaka na wilaya tu, bila majina.