Kidhibiti cha mtiririko mwanzoni na kingine mwishoni, halafu lawama kwa opereta!

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku sijalala, mniwie radhi kwa ukali.

Mtambo wetu una riakta (chombo cha mmenyuko wa kemikali), tangi la kati, kisha mnara wa kutenganisha. Mbunifu kafunga kidhibiti cha mtiririko kwenye malighafi: tani 50 kwa saa. Kafunga kingine kwenye bomba la kulisha mnara: tani 50 kwa saa. Kwenye karatasi hesabu imekubali. Lakini vipimo vya vidhibiti hivyo viwili vikipishana kwa asilimia 1 tu, nusu tani inabaki tangini kila saa, na saa 24 baadaye ni tani 12! Tangi halijirekebishi lenyewe. Litajaa, au litakauka pampu ianze kuvuta hewa. Kwa hiyo opereta anakesha akisogeza namba kwa mkono, na siku kengele ikilia anaandikiwa barua ya onyo yeye. Hilo ndilo linaloniuma.

Kasi ya uzalishaji huamuliwa mahali pamoja. Ukiiamua kwenye malighafi, kila tangi linalofuata lidhibitiwe kwa valvu yake ya kutolea. Ukiiamua mwishoni kwenye bidhaa, geuza: matangi yote yadhibitiwe kwa valvu za kuingizia. Mambo haya yanajulikana tangu miaka ya 1960, jamani.

Tulipolalamika wakaja "kurekebisha". Wakaweka kidhibiti cha kina, yaani kimo cha kimiminika tangini, wakakikaza mpaka kina kisibanduke kwenye asilimia 50. Sasa mtiririko wa riakta ukitikisika kidogo, mtikisiko wote unamwagwa mnarani, mvuke unapanda na kushuka, bidhaa inatoka nje ya vipimo. Tangi la kati hujengwa ili kina chake kiyumbe! Kikiwa 30 au 70 hakidhuru chochote, mradi kisifike juu kabisa wala chini kabisa. Kilegezeni hicho kidhibiti.

Na msiniambie kina ni jambo dogo. Tarehe 23 Machi 2005 kule Texas City, Marekani, mnara ulilishwa kwa zaidi ya saa 3 bila kimiminika kutolewa. Ukafurika, mvuke wa kimiminika kilichomwagika nje ukashika moto na kulipuka, watu 15 wakafa. Kipima kina kilikuwa kinawaonyesha maopereta kwamba kina kinashuka.

Jumatatu narudisha mchoro kwa wabunifu kwa mara ya tatu. Aliyewahi kuwashinda kwa hoja hii aniambie alianzia wapi.