Michezo ya "cheza ulipwe": hela ya mchezaji inatoka mfukoni mwa nani?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kila baada ya muda vijana wetu wanaletewa mchezo mwingine wa simu wenye sarafu yake, na maneno ni yaleyale: cheza, kusanya, uza. Mwaka 2024 ilikuwa Hamster Kombat, watu wanagonga skrini kwenye daladala, kazini, hata msibani. Naomba tujadili jambo moja: hela anayolipwa mchezaji inatoka kwa nani? Msimamo wangu ni kwamba inatoka kwa anayeingia nyuma yake, na ndiyo maana haidumu.

Tuchukue Axie Infinity, mchezo wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, kwa sababu huo hesabu zake zilionekana peupe. Kucheza kulihitaji kikosi cha vijinyama vitatu vya kidijitali, wanaitwa axie, na bei ilipopanda mwaka 2021 kikosi kilifika karibu dola 1,000. Ukishinda mapambano unapewa tokeni, yaani sarafu ya kidijitali ya mchezo, iitwayo SLP, unaiuza sokoni. Katikati ya mwaka huo SLP moja ilipita senti 30 za dola. Ufilipino, ambako korona ilikuwa imefunga kazi nyingi, watu walitoa kwenye simu kipato kilichozidi kima cha chini cha mshahara, mpaka Wizara ya Fedha yao ikatamka kwamba mapato hayo yanastahili kodi. Hilo sibishani nalo. Walilipwa kweli.

Sasa tazama SLP ilikuwa inatumika wapi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzalisha axie wapya. Unachukua wawili, unalipia SLP na kiasi cha tokeni ya pili, AXS, anazaliwa mwingine. Huyo utamuuzia nani? Mwenzako anayecheza tayari ana wake watatu. Mnunuzi ni mgeni anayeanza. Kwa hiyo SLP ilikuwa na soko pale tu palipokuwa na foleni mlangoni, na kila mgeni akishaingia naye anaanza kutoa SLP zake kila siku. Yaani ili bei isimame palepale, haitoshi wageni kuendelea kuja. Lazima waje wengi kuliko waliokuja jana, kesho zaidi ya leo.

Na ndivyo ilivyokwenda. Novemba 2021 mchezo ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 2.5 kwa siku, idadi ambayo haujawahi kuipata tena, lakini SLP ilikuwa imeshaporomoka hadi chini ya senti 10. Watu wanaongezeka, bei inashuka! Mwanzoni mwa Februari 2022 ilikuwa kama senti moja, na kampuni ikaondoa malipo ya SLP kwenye sehemu ya kucheza peke yako.

Waliokuwepo Tanzania mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, ule upatu wa kumlipa aliyetangulia kwa hela ya anayefuata, na "kupanda mbegu". Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, hoja yako nzuri ila umeruka jambo kubwa. Machi 2022 wezi waliingia kwenye Ronin, mtandao wa Axie, wakabeba sarafu za kidijitali: ETH 173,600 na USDC milioni 25.5. Zaidi ya dola milioni 600! FBI ya Marekani ikasema ni Lazarus, kundi la wadukuzi la Korea Kaskazini. Biashara gani inasimama baada ya pigo hilo? Halafu DECI haikuwa na bidhaa. Hapa kuna mchezo, kuna mashindano, kuna watu wanaoupenda hata leo. Kuita kila kitu upatu ni uvivu.

Mleta mada

Mkuu wa Mwanza, tarehe hizo zinanisaidia mimi. Wizi ni Machi 2022. SLP ilikuwa imeshazikwa tangu Februari. Wizi ule unatuambia habari za usalama, maana waliiba funguo tano kati ya tisa za kuidhinisha miamala, na tano zilitosha. Mshahara wa mchezaji ulikuwa umekufa kwa ugonjwa mwingine.

Kuhusu DECI nakubali tofauti ipo. Mimi sisemi Sky Mavis walidhamiria kutapeli. Nasema mtiririko wa hela unafanana, na hela haijali dhamira ya mtu.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu zangu, mnasahau kwamba watu kulipwa kwa michezo hakukuanza na kripto. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, kuna watu waliokula kwa kukusanya dhahabu ya RuneScape, yaani hela ya ndani ya mchezo huo wa mtandaoni, na kuiuza kwa wachezaji wa nchi tajiri. Kabla yao kulikuwa na Wachina waliofanya hivyohivyo kwenye mchezo wa World of Warcraft. Hapakuwa na mgeni wa kumlipa wa zamani, na kazi hiyo ilidumu miaka. Sasa nadharia ya mleta mada inakwama wapi?

Na kama ni kazi, basi ilindwe kama kazi. Hapa Kenya mwaka 2023 serikali ilianza kukata asilimia 3 ya mali za kidijitali, tena ya thamani ya muamala mzima, hata kama umeuza kwa hasara. Ikafutwa 2025. Kodi walijua kutoza. Kumlinda kijana aliyelipwa kwa tokeni isiyo na bei, kimya.

Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, huo mfano ningeulipia kuupata. Aliyenunua dhahabu ya RuneScape alikuwa mtu mwenye mshahara wake, hana muda, anataka kufika mbele haraka. Anatoa dola, anaitumia dhahabu ndani ya mchezo, hela haidai tena. Ameshanunua starehe, kama anayelipia mpira kibandani. Mtu huyo ndiye aliyekosekana Axie. Kule karibu kila aliyeingiza dola alitaka itoke na nyongeza. Ukumbi mzima wauzaji, mnunuzi hayupo.

Na angalia kichekesho: RuneScape sheria zao zinakataza kuuza dhahabu kwa hela halisi, na biashara ikaendelea. Wanaowaalika watu kuuza ndio wanaokosa wanunuzi.

Mchangiaji, Mombasa

Nyie mnajadili Wafilipino, mimi nauliza bando nililochoma kwa Hamster nitalipwa na nani?

Mchangiaji, Mwanza

😂 Huyo wa Mombasa alikuwa bidhaa, hakuwa mfanyakazi. Wenye Hamster walitangaza wachezaji milioni 300, wakawa wanawapeleka kutazama video na kujiunga na chaneli ili wapate sarafu za kugonga. Hapo mlipaji alikuwepo: matangazo. Septemba 26, 2024 tokeni ikaingia sokoni kwa senti moja hivi, wengi wakaambulia dola chache. Lakini hawakuweka mtaji, ni muda na bando tu.

Na hapa namgeuzia mleta mada. Hata Axie, wachezaji wengi maskini hawakununua axie. Walikopeshwa na mameneja, wakagawana mapato, meneja akichukua labda asilimia 30 au 40, wengine zaidi. Tuliwaita wanyonyaji. Bei ilipoanguka, nani alibaki na vijinyama visivyo na mnunuzi? Meneja. Kijana aliingia mikono mitupu, akala miezi kadhaa ya korona, akaondoka. Kwake yeye huo upatu ulikuwa msaada.

Mleta mada

Hilo limenikaa. Ni kweli kwamba kijana wa mwaka 2021 aliyekopeshwa alitoka salama kuliko meneja aliyenunua Novemba. Ila nauliza, yule meneja ni nani? Wapo waliokuwa na mitaji mikubwa, kama Yield Guild Games, kundi lililonunua axie na kuwakopesha wachezaji. Wapo pia wa kawaida, mtu kakopa, kanunua vikosi viwili awape binamu zake wacheze. Huyo hasara yake ndiyo chakula cha mwingine. Huo ni uhamisho wa hela kutoka kwa aliyechelewa kwenda kwa aliyewahi, na tangazo halikumwambia hivyo. Liliita kipato.

Mchangiaji, Nairobi

Lakini wamejifunza. Pixels, mchezo wa shamba ulioko hukohuko Ronin, mwaka 2024 waliitoa tokeni yao ya BERRY iliyokuwa ikifurika, wakaweka sarafu za kawaida zinazobaki ndani ya mchezo. Tokeni yao nyingine, PIXEL, ikabaki kwa vitu vya ziada.

Mleta mada

Sawa, na ni uamuzi wa busara. Lakini umeona walichokiondoa? Ni kile ulichokuwa ukikikusanya kila siku na kukiuza. Kilichobaki kinaelekea kuwa mchezo wa kawaida wenye duka ndani yake, na sina ugomvi na duka.

Mwenye mchezo mwingine aulete hapa. Naomba alete na hesabu moja tu: kwa mwezi, ni kiasi gani kimeingizwa na watu wanaonunua vitu vya kuchezea bila nia ya kuviuza, na ni kiasi gani kimetolewa na wachezaji. Idadi ya wachezaji na bei ya tokeni msinipe.