Kaka anataka kumtumia mzee redio ya DAB kutoka Uingereza. Itafaa huku?

Msambaa wa Mjini
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla hela haijatoka. Kaka yangu yuko Coventry, ameona dukani redio ya dijitali, hizi wanazoziita DAB, pauni 30. Anataka kumtumia baba kijijini, Lushoto. Redio ya mzee ni ya siku nyingi, inakoroma, na kule milimani FM yenyewe inakuja na kuondoka. Kaka anaapa ya dijitali haikoromi kabisa. Mzee bila redio hali chakula: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mpira wa Simba, na matangazo ya vifo. Inunuliwe?

Fundi wa Mawimbi
Mkuu, mwambie kaka atulie kwanza. Hadanganyi, ila anasema ya huko kwao. DAB ina mitambo yake ya kurushia na masafa yake, megahezi 174 hadi 240, wakati FM inaishia 108. BBC walianza nayo 1995. Huko Lushoto sijasikia anayerusha hivyo. Mzee akibonyeza kitufe cha DAB itatafuta, itatafuta, mwisho imwandikie Kizungu kwamba haijapata kitu. Nyingi zina FM pia, kwa hiyo haitakuwa bubu, lakini mtakuwa mmenunua FM na kuilipia nauli ya ndege.

Mama Chausiku
Mbona Kariakoo redio za dijitali zimejaa? Ninayo moja, ina namba za kuwaka, flashi na memori kadi.

Fundi wa Mawimbi
Hiyo ni FM ile ile dada yangu. Dijitali yake ni hicho kioo cha namba mahali pa mshale. Wauzaji wanalipenda sana hilo neno.

Nabii wa Tandika
Nunueni tu, FM itazimwa. Mmesahau 31 Desemba 2012 Dar walivyozima analojia ya TV, tukagombania ving'amuzi?

Mbeba Boksi Oslo
Nabii, mimi niko Norway, nchi ya kwanza duniani kuzima FM za kitaifa. Walianza na mkoa wa Nordland Januari 2017, wakamalizia kaskazini Desemba. Lakini DAB walishaijenga miaka mingi kabla, na hata hivyo watu wenye magari ya zamani walilalamika sana, ikabidi wanunue adapta. Na redio nyingi ndogo za mitaa ziliachwa kwenye FM mpaka leo. Huko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bado inatoa leseni za FM, nani azime?

Halafu hilo la kutokoroma, mwulize kaka vizuri. Mawimbi ya DAB yakipungua, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo ya maji, kisha kimya. FM ikikoroma bado utajua nani kafunga.

Bando Halitoshi
Mpe mzee simu janja asikilize mtandaoni, yaishe.

Mama Chausiku
Na bando utanunua wewe? Mzee hazimi redio.

Fundi wa Mawimbi
Tupige hesabu. Stesheni inayorushwa mtandaoni kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa. Saa nane kwa siku ni MB 230, mwezi unakaribia GB 7. Na hapo kama mtandao upo kijijini.

Msambaa, kabla ya kununua chochote sikiliza hiyo redio inakoroma vipi. Kama inakwaruza ukigusa kitufe cha sauti, hilo ni vumbi, fundi yeyote analisafisha upesi. Kama ni stesheni inapotea, mlima umekaa kati yenu na mnara. Sogeza redio dirishani upande wa mnara, funga kwenye antena waya wa shaba wa sentimita 75, uusimamishe wima. Urefu huo ni robo ya wimbi la FM, ndiyo maana antena nyingi za redio zinakaribia hapo. Ikishindikana, tafuta ya mshale yenye FM na masafa ya kati, inayokula mawe makubwa, yaani betri. Hizo za DAB nyingi zinataka umeme wa ukutani.

Msambaa wa Mjini
Asanteni wakuu. Nimempigia mzee nimwelekeze habari ya waya. Kumbe waya anao, ulikatika mvua za masika, akaanikia nguo kipande kilichobaki. Nikamwuliza, sasa baba tukununulie redio gani? Akanijibu, "Redio ninayo. Nileteeni mawe, haya nimeyaanika juani mara tatu."

Mama Chausiku
😂😂 Kaka wa Coventry atume hizo pauni 30, mzee anunue katoni nzima.